Chuo Kilikuwa Bure. Nani Alileta Bili?

Leo hakuna vidio ya vichekesho. Leo ni historia, na ni ndefu kidogo, kwa hivyo kama uko kwa feri shuka kwanza ndo usome.

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, Likoni inakuwa na shangwe ya wiki moja. Halafu inakuja barua ya kuitwa chuo, na nyuma yake karatasi ya karo, na shangwe inakatika. Kikundi cha WhatsApp cha mchango kinafunguliwa. Mjomba wa Saudia anapigiwa simu ambayo alikuwa anaiogopa. Na hapo ndo hutokea wazee wawili. Wa kwanza anasema, "Sisi zamani tulisoma bure, serikali ilitulipa." Wa pili anasema, "Elimu ya juu ni ghali, ndivyo ilivyo dunia nzima, kama huna pesa tafuta kazi."

Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Bei ya chuo Kenya si kama bei ya samaki Feri, ati leo bahari imechafuka basi kesho imepanda. Imebadilishwa mara kadhaa, na kila mara kuna watu walikaa mezani wakaamua nani alipe. Tuwapitie mmoja mmoja.

Kabla ya uhuru: mchango kwanza, mwanafunzi baadaye

Tuanze nyumbani. Chuo cha TUM pale Tudor hakikuanza kama TUM. Hati ya kukianzisha ni ya 1948, na wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Jina lake lilikuwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, na kazi yake ilikuwa kuwafunza vijana Waislamu wa Afrika Mashariki ufundi. Pesa zilitoka wapi? Aga Khan alitoa pauni 100,000. Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Haroub, akatoa. Jamii ya Mabohora ikatoa, na serikali ya Uingereza ikatoa. 1966 ikabadilishwa jina ikawa chuo cha ufundi cha Mombasa, 1972 ikawa Politekniki, na 2013 ikawa chuo kikuu kamili.

Shikilia hiyo picha: watu walitoa pesa na ardhi ikapatikana kabla mwanafunzi hajafika mlangoni. Kasoro ilikuwepo pia, manake mlango wenyewe ulikuwa wa dini moja. Lakini hakuna aliyefikiria kwamba fundi wa Mombasa atajengewa chuo na pochi ya mamake.

Miaka minane baadaye likatokea jambo lingine. Tom Mboya alikwenda Marekani akarudi na nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. Vyuo vya kule vilikuwa tayari kuwapokea, shida ilikuwa nauli. Wakoloni hawakupenda mpango huo. Basi pesa zikachangishwa Marekani, na watu kama Jackie Robinson na Harry Belafonte wakaweka majina yao kuomba, na huku nyumbani familia na vijiji vikachanga. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na kati ya walioenda 1960 alikuwa Wangari Maathai.

Kwa hivyo harambee ya karo si aibu ya juzi, ina historia. Lakini wale wa 1959 walichangiwa kwa sababu serikali iliyokuwepo haikuwa yao. Sai tuna yetu, na bado tunachanga.

Miaka ya boomu

Baada ya uhuru nchi ilikuwa inahitaji watu. Wazungu wanaondoka maofisini, nani atakaa kwenye kiti? Serikali ikaamua kulipa kila kitu: masomo, kitanda, chakula, na juu yake pesa za matumizi. Makomredi waliziita boomu. Kwa upande wako ulitakiwa ukimaliza uitumikie serikali, kwa kawaida miaka mitatu. Ilikuwa biashara ya haki: sisi tunakusomesha, wewe unatufanyia kazi. Na kazi ilikuwepo.

Huyu ndo yule mzee wa kwanza, na hasemi uongo. Lakini muulize swali moja: mlikuwa wangapi? Chuo Kikuu cha Nairobi kiliposimama peke yake 1970, ndicho kilikuwa chuo kikuu pekee nchini, na kilikuwa na wanafunzi maelfu machache tu. Kufika pale ulihitaji kwanza sekondari, halafu kidato cha tano na sita, na huko kote wazazi walilipa. Shule za aina hiyo zilikuwa chache Pwani. Chuo kilikuwa bure, lakini ngazi ya kupandia ilikuwa ya kulipia. Wengi wa rika la babu zetu huku ng'ambo ya kusini hawakuiona hata hiyo ngazi.

Pwani yenyewe ilisubiri hadi 2013 kupata chuo kikuu kamili cha umma, TUM na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, vyote mwaka mmoja. Hesabu kutoka 1970: miaka 43.

Mkopo nao si kitu kipya. Mwaka wa masomo wa 1973/74 serikali ilianza mpango wa kuwakopesha wanafunzi. Pesa zilitoka, kurudi ikawa shida, kwa sababu hakukuwa na mfumo wa maana wa kuwafuata waliokopa. Wengi walipata kazi nzuri, wakajenga, na deni likasahaulika. Kumbuka hilo ukisikia mtu wa rika hilo anakwambia vijana hawapendi kulipa.

1991: bili inafika mezani

Miaka ya themanini mambo mawili yakagongana. La kwanza, vyuo viliongezeka haraka: Moi 1984, Kenyatta 1985, Egerton 1987. Halafu 1990 kundi la mwisho la kidato cha sita na kundi la kwanza la 8-4-4 yakaingia chuo kwa pamoja. La pili, serikali ilikuwa na madeni, na Benki ya Dunia ilikuwa inasukuma nchi za Afrika zipunguze matumizi. Neno likawa "kugawana gharama".

1991 boomu ikakatwa. Chakula kikawa cha kulipa ndo ule, na karo ikaingia. Makomredi wakaandamana, na vyuo vikafungwa. Waliporudi, bili ilikuwa bado iko mezani.

Angalia muda wenyewe. Chuo kilikuwa bure kikiwa cha wachache. Watoto wa wakulima na wa makuli walipoanza kuingia kwa wingi, ndo ikagunduliwa kwamba ni ghali. Sisemi kuna mtu alikaa akapanga tuteseke. Wanafunzi wakiongezeka, gharama inaongezeka, hiyo ni hesabu. Lakini waliopitisha uamuzi ule, wengi wao walikuwa wamesomeshwa bure na walipakodi wale wale.

Katikati ya miaka ya tisini karo ya mwanafunzi wa serikali ikawekwa Sh16,000 kwa mwaka, na 1995 bunge likaanzisha HELB ili mkopo uwe na sheria na meno. Ile Sh16,000 ikakaa hapo kwa zaidi ya miaka 25. Shangazi zako na makaka zako wakubwa wamesoma kwa hiyo. Haikuwa bure, lakini ulijua mapema unatafuta ngapi.

Mlango wa nyuma wa pesa

Tatizo ni kwamba Sh16,000 haikutosha kuendesha chuo, na serikali haikuwa inaongeza ya kutosha. 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua masomo ya kujilipia, yale ya paraleli, na vyuo vingine vikafuata. Kama alama hazikufika lakini mfuko umefika, unaingia. Pesa zikamiminika, kampasi zikafunguliwa katikati ya miji, Mombasa ikiwemo.

Halafu 2016 mtihani ukabanwa wizi. Alama ya A nchi nzima zikashuka hadi 141, na waliopata C+ kwenda juu wakapungua hadi chini ya 90,000. Wote hao wakatoshea kwenye nafasi za serikali. Paraleli ikakosa wateja, na vyuo vilivyokuwa vimezoea pesa hizo vikabaki na madeni.

Hapo ndo tulipofundishwa somo ambalo hatukulishika: chuo cha umma kikiishi kwa kuuza viti, siku wanunuzi wakikosekana wanafunzi wote wanaumia, hata wale hawakununua.

2023: mashine inakupima umaskini

Mei 2023 Rais Ruto akatangaza mfumo mpya. Sh16,000 ikazikwa kwa wanaoingia. Kila kozi ikawekewa bei yake halisi, na baadaye kila familia ikawekwa kwenye bendi, ya kwanza hadi ya tano. Bendi ya kwanza serikali inatoa ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Bendi ya tano ufadhili 30, mkopo 30, familia 40.

Kwa karatasi inapendeza, manake maskini anasaidiwa zaidi. Sasa tupige hesabu. Chukua kozi ya Sh200,000 kwa mwaka, na wewe umewekwa bendi ya nne: ufadhili 40, mkopo 30, familia 30. Nyumbani wanatakiwa watoe Sh60,000 kwa mwaka, mahali ambapo kakako alitoa 16,000. Mkopo wa karo ni Sh60,000, na wa matumizi katika bendi hiyo ni Sh45,000. Miaka minne: Sh420,000 za deni, kabla ya riba ya asilimia 4 na kabla ya faini ya Sh5,000 kila mwezi ukichelewa kulipa.

Na nani alikuweka bendi ya nne? Mfumo wa kompyuta, kwa majibu uliyojaza. Bendi ya nne inadhani nyumbani kwenu mnaingiza zaidi ya Sh70,000 kwa mwezi. Mama anayeuza viazi karai pale Likoni hana hati ya mshahara. Jumatatu anauza, Jumanne mvua. Kaka ni wa tuktuk, ya mwenyewe si yake. Mwambie huyo aandike kipato cha mwezi.

Malalamiko yakajaa nchi nzima, watu wakaenda kortini, na 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akasema mfumo huo unakiuka katiba. 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, mfumo ukaendelea. Baadaye serikali ikatangaza karo ipunguzwe kwa asilimia 15 hadi 40 kuanzia Septemba 2025. Chukueni hiyo kama funzo pia. Bei iliyosemekana ni "halisi" ilishuka baada ya watu kupiga kelele.

Sasa tufanye nini?

Sitasema irudi bure kesho. Vyuo vikuu vina wanafunzi zaidi ya laki tano sai, na boomu la 1975 haliwezi kuwatosha. Anayekuahidi hivyo anatafuta kura. Lakini historia yetu wenyewe ina vitu vinne vya kuchukua.

Kwanza, bei ijulikane mapema. Uzuri wa Sh16,000 ulikuwa kwamba mzazi alijua miaka minne kabla. Sai unachagua kozi, unaitwa, halafu ndo unapewa bendi.

Pili, deni lifuate mshahara. Enzi za boomu ulitumikia kwa sababu kazi ilikuwepo. Leo kazi haipo lakini deni lipo. Ukipata kazi ukatwe, hata zaidi ya sai. Usipopata, faini ya kila mwezi ni ya nini? Na aliyeacha chuo njiani kwa kukosa karo anadaiwa mkopo ule ule bila cheti. Mimi ni mmoja wao, sina haja ya kusimulia zaidi.

Tatu, mfuko wa kudumu. Kila mbunge, diwani na kaunti ana basari yake, elfu tano hapa, elfu nane pale, na picha ya kukabidhi hundi. 1948 pesa ziliwekwa mahali pamoja zikazaa chuo ambacho kipo mpaka leo. Mji wenye bandari hauwezi kushindwa na jambo ambalo uliliweza wakati wa ukoloni.

Nne, tukumbuke feri. Anayevuka kwa miguu halipi. Hakuna mtu anasimama langoni kukuuliza babako anapata ngapi ndo akupangie bendi. Magari yanalipa, na serikali inatoa inayobaki, kwa sababu watu wa Likoni wasipovuka, kisiwa hakifanyi kazi. Mtoto wa Likoni anayevuka kwenda darasani Tudor anavuka bure mpaka Mtongwe na Likoni zinamwisha machoni, halafu bili inamsubiri upande wa pili. Nchi ile ile imeamua kwamba mkono wake ukienda kubeba mizigo ni faida ya wote, lakini kichwa chake kikienda kusoma ni shida ya mamake.

Kwa hivyo ukisikia "ndivyo ilivyo", jibu ni kwamba haikuwa hivyo 1951, wala 1970, wala 1995. Iliamuliwa.

Kama una barua ya kuitwa na uko bendi ambayo si yako, kata rufaa, usikae kimya, na saidia jirani kujaza fomu. Halafu kamenti hapa chini: nyumbani kwenu nani alisoma, mwaka gani, na alilipa ngapi? Ulizeni wazee leo usiku. Nataka tuone hizo bei zikipangwa mwaka kwa mwaka, kwa mkono wetu wenyewe.