Mukati ya muchele na bunga ya muhogo: zilitoka wapi, zilipita wapi

Mukati ya muchele haikuzaliwa Fizi. Tunaanza hapo juu tangu tulipoanza kuandika namna za kupika za bamama wa chama, kila nyumba tunaambiwa neno moja: "Hii ni ya bakoko, iko tangu zamani." Ni kweli, ni ya bakoko. Lakini bakoko nao waliipata kwa mtu, na huyo mtu aliipata kwa mwingine, na kila mara ilipobadilisha mikono kulikuwa na safari, biashara ao vita nyuma yake.

Tunayaandika haya sasa kwa sababu chama kina jambo la kuamua. Pesa ya mfuko haitoshi kwa kazi mbili. Wengine wanataka tanuri la mikate ya ngano, lile la matofali, lenye kuuza mikate asubuhi kwa shule na kwa soko. Wengine wanataka kinu cha kusaga, mabeseni na turubai, ili bamama waendelee na muchele na muhogo. Na kuna wafadhili waliotuomba kitabu kidogo cha "mapishi ya asili". Kabla ya kusema nini ni asili, tuangalie kwanza njia.

Mwaka 1858 Wazungu wawili, Burton na Speke, walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira. Hawakuwa wageni wa kwanza: wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamekwisha kuijua njia ile, wakitafuta pembe na, tusifiche, watu. Wengine walipita ng'ambo yetu na kuingia Maniema mpaka Nyangwe na Kasongo. Pamoja nao walikuja waungwana, na waungwana walipanda muchele. Majeshi ya Leopold yalipoteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893, mabwana wakaanguka lakini mashamba ya muchele yakabaki. Mpaka leo ukisema Maniema unasema muchele. Kiswahili chetu kilipita njia ileile, na mkate wa muchele nao.

Kule pwani unaitwa mkate wa kumimina. Muchele unalowekwa usiku mzima, unasagwa pamoja na tui la nazi, unatiwa chachu, sukari na iliki, kisha unaachwa mpaka uumuke na kutoa mapovu. Halafu unamiminwa ndani ya sufuria iliyopakwa mafuta. Tanuri hakuna. Makala yanakuwa chini, na baada ya muda yanapandishwa juu ya mfuniko, mkate unaiva pande mbili. Mtu aliyevumbua kuweka moto juu ya mfuniko alikuwa na akili sana, kwa maoni yetu: hicho ni tanuri la mtu asiye na tanuri.

Huku kwetu nazi si mti wa kila kiwanja. Mti wetu ni ngazi. Sasa angalia bakoko walichofanya. Mafuta ya kupaka sufuria yakawa ya ngazi, ndiyo maana mukati ya muchele ya upande huu ina rangi ya manjano inayokaribia nyekundu pembeni. Na chachu je? Pombe ya ngazi ikagemwa asubuhi, ikamiminwa kidogo ndani ya muchele uliosagwa. Pombe ile inachacha kwa sababu ina hamira yake yenyewe, na hamira ile inaumua unga sawasawa na ile ya dukani. Mama mmoja wa karibu miaka 80 alitueleza vizuri: "Pombe ya jana inafanya mukati ichachuke. Ya leo asubuhi ndiyo inainua."

Baadaye makanisa yakakataza pombe, na katika nyumba nyingi pombe ikatoka hata ndani ya mkate. Bamama wakaanza kuweka akiba ya unga wa jana ndani ya kikombe, wanaufunika, kesho yake wanauchanganya na mpya. Mukati ni ileile, chachu ni nyingine. Dada wawili waliozaliwa nyumba moja, mmoja anatumia pombe na mwingine unga wa jana, kila mmoja anaapa kwamba ya kwake ndiyo ya mama yao. Wote wawili wanasema ukweli.

Ngano ilikuja kwa mlango mwingine. Waarabu wa Tabora waliilima kwa kumwagilia maji, kwa ajili ya meza zao. Mapadri Weupe walipofika pwani yetu ya magharibi, na kufungua misheni ya Kibanga mwaka 1883, walihitaji ngano kwa lazima, juu hostia ya Wakatoliki haifanywi kwa muchele wala kwa muhogo. Kisha wakaja Wabelgiji na nyumba zao, na ndani ya nyumba zile walikuwa boyi na wapishi. Hapa tunaomba wasomaji wasimame kidogo. Tunapenda kusema "mapishi ya mama". Lakini mkate wa ngano wa tanuri, katika familia nyingi, ni mapishi ya baba ao ya babu: mwanaume aliyefundishwa kukanda na kuchoma katika jikoni ya Mzungu, akarudi kijijini na kujenga tanuri la udongo nyuma ya nyumba. Bamama wakachukua bunga ileile na kuikaanga ndani ya mafuta, ikawa mandazi, kwa sababu mandazi inaanza na sufuria moja na kikombe kimoja cha mafuta. Kinshasa wao mandazi wanaziita mikate. Mtu wa kwetu akifika kule na kuomba mukati anaweza kuletewa kitu kingine kabisa.

Ngano inaota kwetu Kongo, kwenye baridi ya milima ya Lubero, Kivu Kaskazini, lakini ni kidogo. Karibu yote tunayokula inatoka nje. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, bei ya ngano ilipanda dunia nzima, na mandazi ya Baraka ikapungua unene bila mtu kutangaza. Tulinunua kwa bei ileile na tukala hewa.

Muhogo nao ni mgeni, ingawa wengi hawapendi kulisikia hilo. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta upande wa bahari ya Atlantiki, nao ukapanda polepole mto kwa mto mpaka ukafika kwetu na kuwa mwenye nyumba. Tunausonga bugali, na tunaufanya mkate pia: unalowekwa, unapondwa, unafungwa ndani ya majani na kuchemshwa kwa mvuke. Wa magharibi wanaita kwanga, ndugu wa Burundi wanaita ubuswage. Kuna pia mikate midogo ya ndizi mbivu iliyopondwa pamoja na bunga ya muhogo, haihitaji sukari wala levire.

Lakini kwa muhogo kuna jambo kubwa kuliko utamu. Muhogo mchungu una sumu, sianidi. Bakoko hawakujua jina hilo, walijua siku. Siku tatu ao nne ndani ya maji, mpaka uwe laini na utoe harufu yake, ndipo unamenywa, unaanikwa, unatwangwa. Mwenye kuharakisha anaugua. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango unaoitwa konzo. Ni neno la Kiyaka la miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekazana, haitembei sawa tena, na haiponi. Unapiga zaidi watoto na bamama wa umri wa kuzaa. Unakuja pale watu wanapokula muhogo usiolowekwa vya kutosha, siku nyingi mfululizo, bila samaki ao maharagi ya kusaidia mwili. Ni ugonjwa wa njaa, wa ukame na wa vita: watu wanakimbia, soko linadai bunga haraka, siku nne zinakuwa moja. Na kukaanga ao kuchoma peke yake hakutoshi kuiondoa sumu ile.

Sasa tufike 1996. Vita vilipofika, watu wa pwani ya ziwa waliingia mitumbwi kwenda Kigoma. Haikuwa mara ya kwanza. Wakati wa uasi wa 1964 wengine walikwisha kuvuka. Safari hii walikuwa wengi zaidi, na wakapelekwa Nyarugusu, kisha Lugufu iliyofunguliwa mwaka 1997. Mgao wa chakula ulikuwa unga wa mahindi, maharagi ao dengu, mafuta, chumvi, na ule unga wa uji wa mahindi na soya. Muhogo haumo. Muchele haumo. Ngano haumo. Kutoka nje ya kambi zaidi ya kilomita 4 bila kibali ilikuwa hairuhusiwi, na kuni zilikuwa ndani ya kilomita hizo hizo ambazo watu maelfu walikwisha kuzichana.

Bamama walifanya nini? Waliuza sehemu ya mgao, wakanunua ngano kwa Watanzania, wakakaanga mandazi. Wengine walichanganya unga wa uji na mahindi, wakauchoma kwenye sufuria ndogo makala juu na makala chini, ileile njia ya kumimina, lakini bila muchele. "Watoto waliita keki," mama mmoja alituambia akicheka, "sisi tulijua ni uji umekaa." Maneno nayo yakabadilika. Bunga ikawa unga, mukati ikawa mkate, levire ikawa hamira. Ukisikia leo msichana wa Baraka anasema "amira", unajua alikua upande gani.

Oktoba 2005 meli ya kwanza ya kurudisha watu ilitoka Kigoma kuja Baraka. Mwaka 2009 Lugufu ikafungwa. Wengi wa wanachama wetu walirudi katikati ya miaka hiyo. Hesabu mwenyewe: msichana aliyezaliwa kambini 1997 na kurudi 2008 alikuwa na miaka 11, amekula mahindi ya mgao maisha yake yote. Mandazi anaijua vizuri kuliko mama yake. Kuloweka muhogo hajawahi kuona hata mara moja, juu kambini hakukuwa na shamba la muhogo wala mto wa kuulowekea. Anarudi nyumbani, shamba la kwanza linalokubali kwa haraka ni muhogo, na anayejua siku ni koko, kama koko bado yupo.

Hapo ndipo tunapoona hasara yenyewe. Utamu mtu anaweza kuutafuta tena kwa kujaribu. Siku za kuloweka haziwezi kutafutwa kwa kujaribu, juu anayekosea analipa kwa miguu. Kwa hiyo katika daftari letu tumebadilisha maswali. Zamani tuliuliza: unatia vikombe vingapi? Bamama walikuwa wanatuangalia kwa huruma. Sasa tunauliza: unangoja muda gani, na unajuaje kwamba imefika? Majibu yanatiririka. Muhogo umefika pale kidole kinapoingia bila kusukuma. Muchele uliosagwa umefika pale mapovu yanapopasuka polepole. Makala ya juu yanatosha pale harufu inapotoka kabla ya moshi.

Tumeongeza jambo moja ambalo bakoko hawakuwa nalo. Kwango, upande wa Popokabaka, tangu 2010 bamama wamefundishwa kuilowesha bunga yenyewe: unaichanganya na maji, unaitandaza nyembamba juu ya mkeka masaa 2 juani ao masaa 5 kivulini, sumu iliyobaki inatoka yenyewe na hewa, kisha unapika siku ileile. Ni nyongeza ya kuloweka mizizi, haichukui nafasi yake. Inahitaji mkeka ao turubai, na mtu wa kufukuza kuku.

Turudi kwa pesa ya mfuko. Hatukatai tanuri la ngano. Linaajiri vijana, na mkate wa asubuhi una wateja wa kweli. Wanaosema bunga ya muhogo itachanganywa humo wana haki pia, lakini waseme kipimo: ukiweka sehemu 10 hadi 20 za muhogo kwa kila 100, mkate bado unasimama, ukizidisha sana unaanguka, kwa sababu muhogo hauna ule mnato wa ngano unaoshika hewa. Bado sehemu 80 zitanunuliwa kwa dola, kwa bei inayoamuliwa mbali na ziwa hili. Kinu, mabeseni na turubai havina picha nzuri ya kutuma kwa wafadhili, tunajua. Lakini vinafanya kazi kwa muchele na muhogo wa mashamba yetu, na mwezi bei ya ngano ikipanda havilali. Maoni yetu ni kinu kwanza, tanuri baadaye. Mkutano utaamua, na wanaopinga wamekwisha kutuambia kwa nguvu kwamba vijana hawatatwanga.

Wakati tunangoja, kazi ya daftari inaendelea kila Alhamisi kwenye uwanja wa chama. Tunaomba bamama waje na mabinti zao, si peke yao. Aliye na sufuria ya zamani yenye mfuniko mzito wa chuma ailete, zile za aluminiamu zinajipinda makala yakiwekwa juu. Na mwenye ngazi nyumbani, atuletee pombe ya asubuhi. Itaingia ndani ya muchele tu.