Mnana Aliyeficha Kiota Miaka Mia

Ndugu msikilizaji, mnana si ndege wa siri. Husuka kiota chake mtini kando ya nyumba, mbele ya macho ya watu, na kelele juu yake. Lakini yuko mnana mmoja pwani ya Kenya ambaye wataalamu walimwandika mwaka 1913, na kiota chake hakikujulikana kwao hadi mwaka 2013. Miaka mia kamili!

Wazungu walimwita mnana wa Clarke. Wengine humwita mnana wa Kilifi, nami naona hilo ndilo jina linalomfaa, maana ulimwenguni kote hapatikani nje ya Kilifi. Dume ni mweusi kichwani hadi kifuani, na tumbo lake ni la manjano. Jike ni kijani na manjano.

Aliyetaka kumwona alikwenda msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi. Huko huruka kwa makundi juu ya miti ya mirihi akitafuta wadudu. Kisha hutoweka kwa miezi. Huenda wapi? Watu walikagua vilele vya mirihi mwaka baada ya mwaka, wasione kitu.

Machi 2013 jibu likapatikana Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, na wenyeji wanaotunza msitu huo walikuwamo katika utafutaji. Viota vilikuwa chini, katika majani ya kinamasi kinachojaa maji wakati wa mvua. Muda wote huo watu walikuwa wakitazama juu!

Hapo ndipo penye shida, ndugu msikilizaji. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali, una walinzi. Dakatcha ni ardhi ya wananchi. Miti hukatwa kwa makaa na kwa mashamba ya mananasi. Miaka michache kabla ya viota kuonekana, kampuni ya kigeni ilitaka kupanda mbono huko kwa ajili ya mafuta, na mpango ule ukakwama baada ya mvutano mkubwa. Tulikuwa tumelinda meza ya chakula, chumba cha uzazi tukakiacha wazi.

Ukitaka kumwona, shuka Gede kwenye barabara ya Mombasa na Malindi, chukua kiongozi anayeujua msitu, mwingie kwenye mirihi alfajiri. Ukisikia kundi la ndege mchanganyiko likipita juu, simama. Mimi nilikwenda mara mbili, nikarudi na maumivu ya shingo tu. Mara ya tatu wakapita kumi na zaidi, wakatulia kwenye mrihi mmoja kwa dakika chache, wakaelekea kaskazini.