Kutwa Mara Tatu

Sidhani kama yako maneno yaliyotamkwa mara nyingi zaidi katika vituo vyetu vya tiba, pwani na bara, kuliko haya matatu, kutwa mara tatu, ambayo mtoa dawa huyasema dirishani huku akiandika juu ya bahasha ndogo ya karatasi tarakimu mbili zenye alama ya kuzidisha baina yake, 1 x 3. Na mgonjwa, aliyekwisha kungoja tangu alfajiri, huipokea bahasha, akaifunga katika pindo la kanga au akaitia mfukoni, akaenda zake. Tangu anapoupa mgongo mlango ule, tabibu hana tena jicho la kumwangalia wala mkono wa kumzuia. Aliyelazwa wodini hupewa dawa na muuguzi, kwa saa yake. Lakini mgonjwa wa nje ni muuguzi wa nafsi yake mwenyewe, na alichopewa kumsaidia ni ile bahasha na lile neno. Kwa hiyo mimi huiona historia ya usalama wa dawa katika zahanati kuwa ni historia ya neno lililosemwa dirishani, zaidi kuliko historia ya dawa zenyewe.

Kabla ya dirisha palikuwa na baraza. Tabibu wa mtaani, Unguja, Lamu au Mombasa, alipima sanamaki, shubiri, habbasoda na mvuje kwa wakia na kwa kijiko, na nyakati za kunywa akazifunga na nyakati za sala: hii baada ya alfajiri kabla hujatia kitu tumboni, ile baada ya isha ukienda kulala. Sisemi kwamba tiba ile haikuwa na madhara, maana shubiri ikizidi huharisha hata ikamlegeza mtu kabisa, na sanamaki ni vivyo hivyo; lakini mpimaji na mnywaji walikuwa majirani, na aliyezidisha jana usiku, habari zake zilifika barazani kabla jua halijapanda.

Zahanati ya kigeni ilivunja ujirani huo. Pale ukingoni mwa bahari, Mji Mkongwe wa Unguja, limesimama hadi leo jumba lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, ambalo tajiri wa Kihindi Tharia Topan alilianzisha mwaka 1887 liwe hospitali, kwa ukumbusho wa miaka 50 ya enzi ya Malkia Victoria. Mwenyewe akafariki mwaka 1891 kabla halijatimia, na jengo likakamilika mwaka 1894. Halikupata kuwa hospitali kama alivyonuia. Liliuzwa mwaka 1900, na chini likafanywa mahali pa kutengenezea na kutolea dawa, juu wakakaa madaktari, na watu wakaliita Dispensari hata baada ya dawa kuhama. Baada ya mapinduzi ya 1964 lilikuja kuachwa likachakaa, mpaka lilipokarabatiwa katika miaka ya 1990.

Katika zahanati za zama zile dawa ya maji ndiyo iliyotawala, na mgonjwa aghalabu alitakiwa aje na chupa yake. Hebu na tulitazame jambo hili kwa makini, kwani ndani yake zimo takriban hatari zote za tiba ya nje. Chupa iliyokuwa na mafuta ya taa au siki, ikisuuzwa haraka kisimani, hutiwa dawa ya kifua ya mtoto. Dawa yenyewe, ikiwa ni ya unga usioyeyuka, hujitenga ikatuama chini, hata asiyeambiwa kuitikisa akanywa maji matupu siku za mwanzo na siku ya mwisho akanywa sumu. Na kipimo kikiwa ni kijiko, basi ni kijiko kipi? Kijiko cha chai huchukua mililita 5, cha mezani 15, na nyumbani mwa maskini hupatikana kimoja tu, kile kilichopo. Mtoa dawa aliyesema "kijiko kimoja" alikuwa hajasema kitu. Aliyekuwa na busara alichukua ukanda wa karatasi, akaukata meno meno kwa mkasi, akaugandisha ubavuni mwa chupa, ili mgonjwa anywe toka jino hadi jino, ajue kusoma au asijue.

Haishangazi basi kwamba watu walipenda sindano. Kampeni za buba zilizofanywa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza ziliwaonyesha watu vidonda vibaya vikikauka kwa sindano chache, na imani hiyo imekaa mioyoni mpaka vizazi vya leo. Wengi wameiita ujinga, nami nakataa; sindano, pamoja na hatari zake, haikumtwika mgonjwa kazi yoyote ya kwenda kuifanya peke yake nyumbani.

Kifua kikuu ndicho kilichoifundisha dunia jinsi kazi hiyo ilivyo nzito. Zamani mgonjwa alitengwa katika hospitali za mlimani, mfano wa Kibong'oto huko Kilimanjaro, akakaa miezi na miezi. Kisha mwaka 1956 kukaanza utafiti mjini Madras, India, uliowalinganisha wagonjwa waliolazwa na wale waliotibiwa majumbani mwao, katika vyumba vya msongamano na chakula haba. Na matokeo yalipochapishwa mwaka 1959 ilidhihirika kwamba wa nyumbani walipona karibu sawa na wa kitandani, wala hawakuwaambukiza jamaa zao zaidi. Lakini watafiti wale hawakuridhika na neno la mgonjwa. Waliwazuru nyumbani bila taarifa, wakahesabu vidonge vilivyobaki, wakapima mkojo wajue kama dawa imenywewa kweli.

Maarifa hayo yalipata umbo la taifa zima hapa Tanzania. Mwaka 1977 ulianza mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na Karel Styblo, tabibu mzaliwa wa Chekoslovakia, akashirikiana na wataalamu wa nchi kuujenga. Dawa mpya zenye nguvu, ikiwamo rifampisini, zilifupisha tiba ikawa miezi minane. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa alimeza mbele ya mtumishi wa afya, miezi sita iliyobaki akachukua vidonge kwenda navyo. Kila mgonjwa aliandikwa daftarini, na mwishowe akahesabiwa: amepona, amefariki, amehama, au amepotea. Hesabu hiyo ya waliopotea ndiyo niipendayo zaidi katika habari nzima, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kituo kukubali kuulizwa juu ya mtu asiyekuwapo mlangoni pake. Na neno halikusahauliwa: anayepewa rifampisini huambiwa mapema kwamba mkojo wake utageuka rangi kama ya chungwa, ama sivyo ataiona damu, atatishika, na vidonge atavitupa.

Malaria nayo ilikuwa na somo lake. Klorokwini, kwa mtu mzima, ilikuwa vidonge vinne, vinne, kisha viwili, kwa siku tatu. Lakini iliwawasha watu wetu wengi mwili mzima, na aliyepata nafuu siku ya pili aliviweka vilivyosalia akiba ya homa ijayo. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha, ikashika dawa ya vidonge vitatu vinavyomezwa kwa mara moja, ambayo mgonjwa aliweza kuimaliza palepale dirishani. Nayo vimelea vikaizoea. Mwisho wa 2006 ikaja dawa mseto, vidonge 24 kwa mtu mzima, vinne mara sita kwa siku tatu, katika pakiti zilizotengwa kwa uzito wa mgonjwa na kuchorwa picha za jua na mwezi. Dozi ya pili haifuati desturi ya asubuhi na jioni. Hutakiwa saa nane baada ya ya kwanza, na ziliwe pamoja na chakula chenye mafuta.

Hapa ndipo ninapomfikiria mama aliyempa mwanawe dozi ya kwanza kituoni saa nne asubuhi. Mtoa dawa aliyesomea kwa Kiingereza huandika 6 juu ya pakiti, akikusudia saa ya jioni kwa hesabu ya kizungu. Mama husoma 6, naye kwake hiyo ni saa sita, adhuhuri, saa mbili tu tangu dozi ya kwanza. Au akidhani ni ya usiku, humwacha mtoto na homa yake mpaka usiku wa manane. Tarakimu ni sahihi, dawa ni sahihi, na mtoto yumo hatarini. Mtoa dawa mwingine, wa dirisha la pili, haandiki saa kabisa. Humtazama mama usoni, akamwambia, "Mpe tena magharibi, adhana ikilia, baada ya kumnywesha maziwa," kisha humwomba amrudishie maneno yale kama alivyoyasikia, naye hungoja mpaka ayamalize, hata foleni ikiwa imefika nje ya uzio.