Jukwaa la mwaka wa sita

Miaka 339 kabla ya Wajesuiti kufungua koleji yao kando ya Ziwa Kivu, shirika lao lilikuwa limekwisha kuandika namna mwanafunzi anavyopaswa kupanda jukwaani. Kitabu chao cha kanuni za shule, Ratio Studiorum cha mwaka 1599, kiliruhusu tamthilia kwa masharti makali: ziwe chache, ziwe kwa Kilatini, ziwe za kidini, na pasionekane mhusika wa kike wala vazi la kike. Masharti yalilegea kadiri karne zilivyopita. Kilichobaki ni imani kwamba kijana anayekaribia kumaliza masomo lazima ajue kusimama mbele ya watu na kusema, na kwamba hilo hulipati kwa kusoma kimya. Corneille alipita katika shule zao huko Rouen, Molière na Voltaire huko Paris.

Koleji ya Bukavu ilianza mwaka 1938 kwa jina la Notre-Dame de la Victoire. Mji wenyewe ulikuwa ukiitwa Costermansville, na madawati yalikuwa ya watoto wa Wazungu. Programu ilitoka Ubelgiji ikiwa kamili: miaka sita ya humanités, ambapo mwaka wa tano uliitwa poésie na wa sita rhétorique. Ndani ya miaka hiyo miwili ya mwisho mwanafunzi alikutana na Corneille, Racine na Molière, akakariri mistari yao na kuisema kwa sauti, huku mwalimu akisahihisha matamshi. Tamthilia haikuwa somo lenye saa zake. Ilikuwa chombo cha kufundishia Kifaransa, na wanaojiuliza kwa nini hata leo shule za Bukavu hazina somo la tamthilia wanapaswa kuanzia hapo.

Eneo hilo, hata hivyo, halikusubiri Ubelgiji ili lijue kuigiza. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga upande wa Walikale, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya jimbo moja la Kivu pamoja na Bukavu, mtambaji Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck, mtafiti wa Kibelgiji, utenzi wa shujaa Mwindo. Kazi hiyo ilichukua siku 12. Rureke hakukaa kitini kusoma. Alisimulia, akaimba, akacheza ngoma, akatikisa kayamba ya kibuyu, na kila mhusika alipoingia yeye ndiye aliyegeuka kuwa mhusika huyo: baba mkatili anayekataa kuzaliwa mtoto wa kiume, shangazi, mtoto anayetembea na kusema siku ile ile aliyozaliwa. Wasaidizi walipiga mdundo na kuitikia nyimbo. Maandishi yake yalitoka kitabuni mwaka 1969, yakiwa yamehaririwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga. Mtu mmoja alikuwa kundi zima la maigizo, tena kwa siku 12! Katika programu iliyoletwa kutoka Ubelgiji, ustadi wa aina hiyo haukuwa na nafasi. Hasara ya jambo hilo ni kubwa kuliko inavyokubaliwa, kwa sababu mwanafunzi alifundishwa kwamba sanaa ya jukwaa huja kwa meli, ilhali wazee wa milima aliyokuwa akiiona dirishani walikuwa nayo.

Baada ya uhuru wa 1960 madarasa yalibadilika sura lakini mambo mengine yakabaki. Mwaka 1967 serikali iliweka mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya sekondari, ule ambao wanafunzi wanauita Exetat, na tangu wakati huo mwaka wa sita umekuwa mwaka wa mtihani kwanza, mengine baadaye. Kwa Bukavu mwaka huo wa 1967 una kumbukumbu nyingine. Kuanzia Agosti hadi Novemba mamluki walioongozwa na Jean Schramme waliushika mji, na mapigano ya kuwatoa yaliharibu majumba na kutawanya watu. Mtihani huo uliozaliwa pamoja na vita unamtaka mwanafunzi aandike insha nzuri ya Kifaransa. Haumtaki aigize chochote. Mwalimu aliyetaka kuandaa mchezo alilazimika kuutafutia muda nje ya saa za masomo, na ndivyo ilivyo hadi leo.

Kisha Rais Mobutu aligeuza nchi nzima kuwa jukwaa. Mwaka 1971 Kongo ikawa Zaire, na siasa ya kurudi kwenye asili, otantisite, ikaondoa majina ya Kizungu. Notre-Dame de la Victoire ikawa Alfajiri, jina la Kiswahili kwa shule iliyokuwa imejengwa juu ya Kilatini na Kifaransa. Mwishoni mwa 1974 shule za makanisa zilitwaliwa na serikali, zikarudishwa chini ya uendeshaji wa makanisa kwa mkataba wa Februari 1977. Katika kipindi hicho wanafunzi walipangwa mistari kwa ajili ya animation, yaani nyimbo na ngoma za kumsifu rais na chama chake, MPR. Walijifunza kwenda kwa mpigo mmoja na kutabasamu kwa amri. Hiyo pia ni elimu ya jukwaa, ila ni elimu iliyomnyang'anya mwigizaji neno lake mwenyewe.

Kivu iliingia hata katika tamthilia iliyochapwa Kinshasa. Mwaka 1975 Mobyem Mikanza, mmoja wa watunzi wakubwa wa tamthilia wa enzi hiyo, alitoa La bataille de Kamanyola, juu ya mapigano ya 1964 katika mji mdogo wa Kamanyola, kusini mwa Bukavu kwenye bonde la Ruzizi. Mobutu alilifanya jina hilo kuwa nembo ya utawala wake: meli yake iliitwa Kamanyola, na kikosi cha jeshi vilevile.

Miaka ya 1990 serikali iliacha kulipa walimu kwa namna inayoeleweka, wazazi wakaanza kubeba prime, yaani malipo ya walimu kutoka mifukoni mwao. Mwalimu mwenye njaa hawezi kubaki jioni kufanyisha mazoezi. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliujaza mji, mwaka 1996 vita vikaingia, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, naye Mjesuiti, akauawa Bukavu tarehe 29 Oktoba. Katika miaka iliyofuata uigizaji uliingia uwanjani kwa njia nyingine. Shirika la Search for Common Ground, linalojulikana Kongo kwa jina la Centre Lokole, lilifunza vikundi vya mashariki mwa nchi teatri shirikishi, mbinu yenye mizizi katika kazi ya Augusto Boal wa Brazil: waigizaji wanaonyesha ugomvi, kwa mfano wa shamba kati ya aliyerudi kutoka ukimbizini na aliyebaki, kisha mtazamaji anaingia mwenyewe kuonyesha namna ya kuumaliza. Lugha hapo ni ile ya watu, si ile ya kitabu cha mwaka wa sita.

Tarehe 29 hadi 31 Mei 2015, Alfajiri ilipata onyesho ambalo Ratio Studiorum isingeweza kuliwazia. Milo Rau, mwongozaji wa Uswisi, aliandaa hapo vikao vya Mahakama ya Kongo, kesi isiyo na nguvu ya sheria lakini yenye mawakili wa kweli, mashahidi wa kweli na vifo vya kweli. Jean-Louis Gilissen, wakili aliyezoea mahakama ya The Hague, aliongoza kikao. Sylvestre Bisimwa, wakili wa Bukavu, alihoji. Yalisikilizwa mambo ya migodi na mauaji ya Mutarule ya Juni 2014. Wakulima, wachimbaji na viongozi walipanda mmoja mmoja, na hakuna aliyepewa maneno ya kukariri. Filamu yake ilitoka 2017. Anayependa shule za mji huu ana sababu ya kujivunia kwamba jambo zito namna hiyo lilipata pa kusemewa katika koleji, kwa kuwa mahakama za kweli zilikuwa zimelikalia kimya.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mambo yalikwenda njia tofauti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na masomo ya sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na wanafunzi wa kidato cha tano na sita Tanzania wamesoma tamthiliya za Kiswahili kama Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein na Nguzo Mama ya Penina Muhando. Mfinalisti wa Bukavu, yaani mwanafunzi wa mwaka wa sita, anazungumza Kiswahili kutwa nzima, kutoka soko la Kadutu hadi Ibanda, na anaweza kupata diploma yake bila kusoma tamthiliya hata moja katika lugha hiyo. Vitabu hivyo vingeweza kuwekwa mezani kwake kesho, bila kufasiriwa.

Mfinalisti huyo akitaka kuendelea na sanaa yenyewe katika nchi yake, mlango mkuu ni Institut National des Arts ya Kinshasa. Hakuna barabara inayopitika moja kwa moja hadi huko. Watu wa Bukavu walikuwa wakisafiri kwa ndege kutoka Kavumu. Uwanja huo uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 14 Februari 2025, siku mbili kabla mji wenyewe haujatekwa, na safari za abiria kwenda Kinshasa zikakatika.