Seli Nyeupe Ziko Juu? Usijizike Bado

Umefanya hemogramu, ukaambiwa seli nyeupe ziko juu, na sasa uko Google ukijiandikia wosia. Tulia, msee. Kwa mtu mzima, kawaida ni kama 4,000 hadi 11,000 kwa maikrolita moja ya damu. Zikipita hapo, mara nyingi mwili unapigana tu na maambukizi. Mimba, dawa za steroidi na hata fegi pia huzipandisha.

Ya kuogopwa ni lukemia, kansa ya damu. Uboho hutoa seli kiholela, wakati mwingine zinapita 100,000. Zikikataa kushuka, ama unakonda, unavuja damu ovyo, unalowa jasho usiku (TB pia hufanya hivyo), itisha damu iangaliwe kwa darubini. Na kuna wenye lukemia ambao seli zao ziko chini.