Kura na Mamlaka: Bodi ya Makamishna wa Polisi ya Detroit

Usimamizi wa kiraia juu ya polisi, yaani utaratibu unaowapa watu wasio askari haki ya kuamua jinsi polisi wanavyofanya kazi, mara nyingi hupimwa kwa kuuliza iwapo wasimamizi wamechaguliwa au wameteuliwa. Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, inaonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa kura humpa kamishna uhalali wa kuhoji, ilhali uwezo wa kuzuia hutegemea hatua ambayo sheria inamruhusu kuingia katika uamuzi.

Bodi ya Makamishna wa Polisi ya Detroit ilizaliwa na katiba ya jiji iliyopitishwa na wapigakura mwaka 1973, mwaka ambao Coleman Young alishinda umeya akiahidi kukivunja STRESS, kikosi cha askari kanzu kilichochukiwa kwa mauaji ya wakazi, wengi wao Weusi. Kwa miongo kadhaa makamishna waliteuliwa na meya. Katiba iliyoanza kutumika mwaka 2012 ndiyo iliyoweka makamishna 11, 7 wakichaguliwa na wilaya za jiji na 4 wakiteuliwa na meya.

Kwa maandishi, mamlaka ya bodi ni mapana: huidhinisha bajeti ya polisi kabla haijafika kwa meya, hupokea malalamiko ya raia, huweza kuwaita mashahidi kwa lazima, na ndiyo yenye kauli ya mwisho ya kinidhamu ndani ya idara. Hata hivyo, sera inazotunga zinahitaji ridhaa ya meya, na mkuu wa polisi, ingawa huteuliwa kutoka katika orodha ya bodi, huendelea kushika wadhifa kwa hiari ya meya. Anayechaguliwa na wilaya hubeba lawama za wilaya, lakini hawezi kumwachisha kazi yule anayelaumiwa.

Udhaifu huo ulidhihirika katika suala la utambuzi wa sura, yaani programu inayolinganisha picha ya mtuhumiwa na hifadhi ya picha za watu. Polisi walikwisha kuinunua na kuitumia kabla bodi haijapitisha sera yake mwezi Septemba 2019, sera iliyoruhusu picha mnato katika makosa makubwa ya aina maalumu na kukataza ufuatiliaji wa moja kwa moja kwa kamera. Masharti hayo yalikuwa na maana, lakini yalikuja baada ya fedha kutumika na mazoea kujengeka, hivyo bodi ikajadili namna ya kutumia chombo ambacho haikupata nafasi ya kukikataa.

Kwa hiyo, jiji linalotaka usimamizi wa kweli halina budi kuilazimisha idara ya polisi kupata kibali cha bodi kabla ya kutia saini mkataba wowote wa vifaa vya upelelezi. Bila sharti hilo, uchaguzi huishia kuwapa wananchi wawakilishi wa kupokea malalamiko yao, si wa kuyazuia yasitokee.