Ngao ya Mchezo na Ngao ya Taifa

Katika mchezo wa kompyuta uitwao Assassin's Creed Origins, uliotolewa mwaka 2017, mchezaji huzunguka Misri ya kale akikusanya silaha na ngao. Ngao hizo zina madaraja: za kawaida, za nadra, na za juu kabisa, zinazohesabiwa kuwa za hekaya. Wazo la ngao yenye nguvu ya ajabu ni la zamani sana. Wagiriki walisimulia kwamba Perseus alimuua Medusa, aliyemgeuza jiwe kila aliyemtazama usoni, kwa kuiangalia sura yake katika ngao iliyong'aa kama kioo.

Misri hiyo huishi kwa maji ya Mto Nile, na Nile hutoka Ziwa Viktoria pale Jinja. Huku mtoni juu ipo ngao nyingine, ambayo vijana wa Jinja na Mbale huichukua mfukoni kila siku, kwani imechorwa kwenye sarafu za shilingi. Ni ngao ya nembo ya Uganda, iliyopatikana mwaka 1962, mwaka wa uhuru.

Tuisome, mwanafunzi. Juu kuna mawimbi ya ziwa, katikati jua, chini ngoma. Nyuma yake mikuki miwili imepishana. Ubavuni wamesimama sheshe, mnyama wa jamii ya swala, na korongo taji. Humo hamna shujaa wala zimwi. Je, nchi ilikosa visasili? La. Waganda wana Kintu, Wasoga wana Mukama, Wagisu wa Mbale wana Masaaba, ambaye mlima wao umepewa jina lake. Lakini kila mmoja ni babu wa watu wake, na taifa lilikuwa likiunganisha falme na wilaya zilizotazamana kwa wasiwasi. Naona ngoma ilichaguliwa kwa busara: makabila mengi yalikuwa nayo.

Mashariki nayo haikusahauliwa. Chini ya ngao unapita Nile, na kandokando yake kuna mbuni na pamba. Mwaka 1954 wakulima wa kahawa wa Mlima Elgon waliunda chama chao cha ushirika cha Bugisu, makao yake Mbale. Mwaka huohuo bwawa la Owen Falls likafunguliwa Jinja, na umeme wake ukaendesha kiwanda cha nguo za pamba.

Yule korongo, tangu mwaka 2012, yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Vinamasi anamotaga vinakaushwa ili vilimwe.